Pikipiki ya babu na kichwa cha mujukuu

UKURASA WA JAMAA NA VIJANA



Mwezi huu tunajibu kijana mumoja wa Katuba. Anaandika hivi: "Pasta, niko na miaka 17. Nkambo yangu alitumika kwa Gécamines miaka mingi, na sasa magoti yake imechoka. Ananipa moto yake, Yamaha XT 500, ni ya zamani lakini inawaka. Mimi sijaendesha hata moto moja, kinga tu. Baba anasema hapana hata kidogo. Mama analia tu. Nkambo anasema mutoto mwanaume hafundishwe woga. Katika wote watatu, nani iko na haki?"

Kijana wangu, asante kwa kuuliza mbele ya kupanda. Wengi wanauliza nyuma ya kuanguka. Nitakujibu, lakini nitasema na wazazi vilevile, na babu, na hata kanisa, sababu neno hili ni la wote.

KWANZA, UJUE KITU WANACHOKUPA

Pikipiki ya XT 500 ilianza kuuzwa mwaka 1976. Si ya kuchezea. Cyril Neveu wa Ufaransa alishinda nayo mashindano ya kwanza ya Paris-Dakar mwaka 1979, na akashinda nayo tena mwaka 1980, katika jangwa na mchanga. Injini yake ni ya silinda moja tu, lakini silinda ile ni kubwa: sentimita 499 za ujazo. Nguvu yake ni kadiri ya farasi 30. Sasa angalia zile TVS na Boxer zinazofanya taksi kwenye barabara ya Kasenga: nyingi ni za 100, 125 ao 150. Ya babu yako inazipita zote kwa nguvu zaidi ya mara mbili, na uzito wake ni karibu kilo 150. Ikilala chini, kijana wa miaka 17 atatoa jasho mbele ya kuisimamisha.

Tena haina batani ya kuwasha. Inapigwa teke. Kwenye mukono wa kushoto kuko levye ndogo ya kupunguza mukazo ndani ya silinda, na kwenye injini kuko kajicho ka kioo kanachoonyesha wakati unaofaa wa kupiga. Mutu asiyejua anapiga ovyo, nayo inarudisha teke kwa nguvu. Teke ile inaweza kuvunja kifundo cha muguu mbele hujatoka hata kwenye lupango.

Freni zake, ya mbele na ya nyuma, ni za ngoma, si za disiki. Zikiingia maji zinapoteza nguvu. Fari yake ni zaifu kwa usiku wa barabara zetu. Hii si kusema babu amekupa kitu kibaya. Amekupa kitu cha watu wenye kuzoea. Mutoto anayejua kukata nyanya kwa kisu hapewi siku ileile shoka la kupasua muti.

UKUTA WA JUU YA NYUMBA

Baba na mama, fungueni Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mustari wa 8. Pale Mungu anaagiza mutu anayejenga nyumba mupya kuizungushia dari lake ukuta mdogo. Nyumba za kule zilikuwa na dari la kutembea juu yake. Kama mutu anaanguka pahali pasipo ukuta, damu yake inahesabiwa juu ya mwenye nyumba. Angalieni vizuri: Mungu hasemi watu wasipande juu. Anasema mwenye nyumba ajenge ukuta.

Kwa hiyo baba anayetoa ufunguo ndiye mwenye nyumba. Babu anayetoa pikipiki ndiye mwenye nyumba. Hawezi kutoa dari na kuacha ukuta, kisha kwenye kilio akasema ni mapenzi ya Mungu. Wengine wanatuambia: "Pasta, mimi ninaomba mbele ya kutoka, Mungu atanilinda." Kuomba ni vizuri, omba kila siku. Lakini kumbuka Matayo sura ya 4. Shetani alimuonyesha Yesu ncha ya hekalu na ahadi ya malaika, akamuambia ajitupe. Bwana wetu alikataa, sababu kumujaribu Mungu si imani. Kupanda pikipiki kichwa wazi na kungojea malaika ni kusimama kwenye ncha ileile.

KASKE KICHWANI, SI KWENYE KITI

Katika Uingereza kulikuwa mutu mwenye jina kubwa, T. E. Lawrence, aliyepigana vita katika nchi za Waarabu. Alipenda sana pikipiki zenye nguvu za Brough Superior, na alizizoea miaka mingi. Tarehe 13 Mei 1935 alikuta gafula vijana wawili wa kinga mbele yake barabarani, akajaribu kuwaepuka, akaanguka. Hakuvaa kaske. Alikufa nyuma ya siku sita, na miaka 46. Munganga mumoja kati ya wale waliomuhudumia, Hugh Cairns, hakusahau kifo kile. Alianza kuchunguza vichwa vya askari wa pikipiki waliokuwa wanakufa, na mwaka 1941 alitangaza kazi yake. Mwaka ule ule jeshi la Uingereza liliagiza askari wake wa pikipiki kuvaa kaske. Basi ona: yule hakuwa mwanafunzi. Kuzoea hakukumusaidia, sababu barabara si yako peke yako.

Leo waganga wamekusanya uchunguzi wa nchi nyingi na kuona kama kaske inapunguza hatari ya kufa kwa karibu 42 kwa 100, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu 69 kwa 100. Na shirika la afya la dunia, OMS, linasema ajali za barabara ndizo zinazoua zaidi watu wa miaka 5 mpaka 29 katika dunia yote. Ile ndiyo miaka ya watoto wetu wa shule ya Yuda na wa korali.

Hapa ninasema na wababa wa migodi. Ninyi munajua kaske kuliko watu wengine. Hakuna anayekuachia kuingia karieri pasipo kaske na viatu vya usalama. Lakini mangaribi, kazi ikiisha, kaske inafungwa nyuma ya kiti, na baba anarudi nyumbani kichwa wazi mbele ya macho ya watoto. Je, mutoto atajifunza nini?

Tena kaske ya mugodi si kaske ya pikipiki. Ile ya mugodi ilitengenezwa kwa jiwe linaloanguka kutoka juu. Haikutengenezwa kwa kichwa kinachogonga lami kutoka upande, na ukianguka inatoka mbele yako. Kaske ya pikipiki inafunika masikio, ndani iko na povu nene, na mukanda wake unafungwa chini ya kidevu. Usipofunga mukanda, ni kama hukuvaa. Kama kaske imeanguka na mutu mara moja kwa nguvu, kazi yake imekwisha hata ukiona iko nzima, sababu povu ya ndani imekwisha kukandamizwa.

BARABARA ZETU TUNAZIJUA

Kijana wa Katuba, sikia neno hili juu ya makamio. Kamio nyingi zinazobeba shaba na kobalti kupitia Kasumbalesa zinatoka Zambia, Tanzania na Afrika ya Kusini. Kule wanatembea upande wa kushoto, na volani iko upande wa kuume. Kwetu Kongo tunatembea upande wa kuume. Basi dereva yule anakaa upande wa manyasi. Upande wa kushoto wa kamio yake, pale unapotaka kumupita, ndio ulio mbali na macho yake. Akitaka yeye kupita kamio ingine, anapashwa kutoa kichwa chote cha kamio katikati ya barabara mbele ya kuona kama kuko mutu. Mutu yule anaweza kuwa wewe. Kwa hiyo shika sheria hii: kama huoni uso wa dereva katika kioo chake, naye hakuoni. Bakia nyuma, mbali.

Wakati wa kiangazi, vumbi ya kamio inafunika yote. Usiingie ndani ya vumbi kwa kupita. Nyuma ya vumbi kunaweza kuwa kamio ingine inakuja. Wakati wa mvua, mashimo yanajaa maji, na huwezi kujua shimo la kidole na shimo la muguu. Usipite katikati ya maji usiyojua.

Na hesabu hii ifanye na mwalimu wako wa shule: kwa mwendo wa 60 kwa saa, pikipiki inakula karibu metre 17 kila sekunde. Ukikawia sekunde moja kushika freni, umekwisha kupita metre 17 na freni haijaanza kazi. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne.

NJIA YA KUJIFUNZA

Jibu langu kwa jamaa hii ndilo hili: isiwe hapana ya siku zote, isiwe ndiyo ya leo. Mupange hatua.

1. Pikipiki ya babu ikae nyumbani, ufunguo kwa baba. Kijana ajifunze kwanza kwa pikipiki ndogo ya 100 ao 125, na mutu muzima mwenye kuzoea.

2. Majuma ya kwanza ni kwenye kiwanja wazi, asubuhi, pasipo watu. Ajifunze kutembea polepole sana, kugeuka kushoto na kuume, na zaidi sana kusimama. Atumie freni zote mbili pamoja. Ile ya mbele ndiyo inafanya kazi kubwa, lakini inakandamizwa kidogo kidogo; ukiikamata gafula kwenye mchanga, unalala chini.

3. Kisha njia za kata, mchana tu, pasipo mutu nyuma. Usiku, mvua na barabara kubwa ya Likasi ao ya Kasumbalesa vingojee.

4. Atafute permi yake kwa haki, si kwa kununua. Karatasi za pikipiki ziandikwe vizuri, na asiranse ilipwe. Permi ya kununua haijui kusimamisha pikipiki.

5. Wakati ule babu afungue XT yake pamoja na mujukuu na fundi mwaminifu. Waangalie kamba za freni, shene, mafuta, fari. Waangalie mipira: muupira wa zamani unakauka na kuwa mugumu hata kama meno yake ni mazuri. Pembeni kuko hesabu ine: 2319 ni kusema juma la 23 la mwaka 2019. Na wasipulize vumbi ya freni za zamani kwa kinywa, sababu inaweza kuwa na amianti inayoharibu mapafu.

6. Nyuma ya mwaka muzima wa kuendesha ndogo pasipo ajali na pasipo kuvunja mapatano, jamaa ikae tena pamoja na kuamua juu ya kubwa. Wakati ule kijana atakuwa na miaka 18, na mikono yenye kujua.

Katika 2 Wafalme sura ya 9, mulinzi wa mnara aliona gari linakuja mbali, na akamutambua Yehu kwa namna yake ya kuendesha tu. Wewe pia, watu wa kata watakutambua hivyo. Wafanye wakutambue kwa kupunguza mwendo mbele ya shule na mbele ya soko.

NA SISI WA KANISA

Hatuwezi kumufundisha kijana huyu na kujiacha sisi wenyewe. Siku ya kilio, tunaona wamama wawili nyuma ya taksi-moto moja, dereva ni wa tatu, mutoto katikati. Siku ya mukutano wa korali, vijana wane wanapanda moja na ngoma juu. Wazee wa kanisa wanaona, wanacheka, wanapunga mukono. Ndugu, tunachanga makuta kwa ajili ya bafle na gitari. Je, hatuwezi kuchanga kwa ajili ya kaske mbili za paruasi, kwa wale tunaowatuma kazi ya Bwana? Na wewe binti, kama dereva amekunywa ao anakimbia, shuka. Kuchelewa kwenye ibada si zambi.

Basi, nani iko na haki? Baba iko na haki kukataa kwa leo. Mama iko na haki kulia, na machozi yake yasikilizwe kama shauri. Babu iko na haki kusema mutoto asilelewe katika woga, lakini woga unatoka kwa mafundisho, hautoki kwa teke la injini kubwa. Babu, magoti yamechoka, lakini kichwa chako kingali na akili ya pikipiki ile. Ile akili ndiyo zawadi ya kwanza. Chuma itafuata.

Maswali ya kuzungumuza nyumbani: Ni ukuta gani unakosekana kwenye dari letu? Baba na mama wanavaa kaske namna gani mbele ya watoto? Nani katika jamaa iko na ruhusa ya kumunyima mwingine ufunguo?

Tuombe: Bwana, uwalinde watoto wetu katika barabara za Katanga, na utupe sisi wazazi moyo wa kujenga ukuta mbele ya kulia. Amina.