Nauli ya Hogo

Ndugu zangu wa mtaani, mwezi huu nina kadi tatu za mchango: harusi mbili na kipaimara. Nitatoa, kama mtakavyotoa ninyi. Asiyechanga, siku yake atacheza mwenyewe. Ila nawaomba tuunde kamati moja zaidi, ndogo, isiyo na ukumbi wala keki.

Tuna mtoto hapa kwetu, anakaribia miaka mitano. Alizaliwa mikono imenyooka, viwiko havikunjiki, viganja vimegeukia nyuma kama vya mtu anayepokea kitu kwa siri, nyayo zote mbili zimepinda kwa ndani. Siku ya kwanza nilipomwona akila nilisahau nilichotumwa. Anashika kijiko, anaegemeza mkono kwenye ukingo wa meza, anausukuma kwa uzito wa mwili mpaka kiwiko kinakubali, kisha anakiinamia kijiko. Ubwabwa unafika. Mama yake hainuki kumsaidia. "Nikifa atalishwa na nani?" aliniambia.

Hali hii madaktari wanaiita athrogriposisi: viungo vya sehemu mbalimbali vimekakamaa tangu tumboni. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya 3,000 wanaozaliwa hai. Si ugonjwa mmoja. Yako maradhi na hitilafu zaidi ya 300 zinazoweza kuileta, lakini njia yao ni ile ile: mtoto hakucheza vya kutosha tumboni, na kiungo kisichochezeshwa hukaza. Aina inayoonekana zaidi, amioplasia, hairithiwi, na akili za watoto walio nayo kwa kawaida ni timamu kabisa. Kwa hiyo tuache kumuuliza mama alivuka nini akiwa mjamzito. Swali hilo nimelisikia kwa masikio yangu, kwenye foleni ya maji.

Tiba ipo. Huanza wiki za mwanzo kabisa kwa mazoezi ya kunyoosha taratibu, na kwa miguu ni hogo: daktari anausogeza unyayo kidogo, anaufunga kwa plasta, wiki ijayo anafungua, anasogeza tena. Mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda hivi, ukiwa wa kawaida huhitaji kufungwa hogo kama mara tano hadi nane. Wa watoto hawa mara nyingi hudai zaidi, na hata ukinyooka huweza kurudi. Baadaye ni viatu vyenye upau, usiku kwa usiku, kwa miaka. CCBRT pale Dar es Salaam wanatibu miguu hii. Majirani zetu Kenya wana hospitali ya CURE kule Kijabe.

Kilichomshinda mama huyu ni nauli. Kila wiki bodaboda, daladala mbili, na siku nzima bila kuuza vitumbua. Alikosa wiki moja, ikawa mbili, hogo likalowa mvua, akaacha, miguu ikarudi ilikokuwa. Sisi tulikuwapo. Mimi mwezi ule nilichangia harusi shilingi elfu hamsini.

Sasa ameanzishiwa hogo upya. Kila kikundi cha vikoba kitenge nauli ya wiki moja kwa zamu, ikabidhiwe kwa mhazini mmoja, iandikwe. Vijana wa kijiweni, pangeni nani anampeleka stendi na nani anamrudisha. Nanyi mama zangu mnaoogesha wazazi na vichanga, mkikuta kiungo kigumu msikilazimishe kwa kukanda. Mifupa ya watoto hawa huvunjika upesi. Mpelekeni hospitali wiki hiyo hiyo, arobaini itasubiri.

Tukutane Jumapili saa kumi, kwa balozi. Januari mtoto anaanza awali, na mwalimu mkuu ameshakubali kumpokea. Fundi seremala wa pale kona, njoo na futi kamba: meza za darasa lile ni fupi, na yeye anahitaji ukingo unaomfika kifuani.