Kwani Ukijua Itakusaidia Nini?

Kuna swali linaniudhi sana: “Kwani hata ukijua, itakusaidia nini?” Huulizwa mtu ambaye mkono umeanza kulegea, vikombe vinamponyoka, misuli inachezacheza chini ya ngozi. Anataka kwenda kupimwa umeme wa misuli. Jamaa wanapiga hesabu ya pesa, wanakumbuka ugonjwa wa neva za mwendo hauna tiba, wanamwambia atulie, aombewe. (Wewe ambaye kope linakucheza baada ya kukesha, usianze kujiandikia wosia. Hilo peke yake si ugonjwa huu.)

Wacha niwajibu.

Kipimo ni sindano nyembamba inayodungwa kwenye msuli kusikiliza umeme wake. Msuli wenye afya ukitulia, unanyamaza. Uliopoteza neva yake unapiga kelele hata mgonjwa akilala tuli, na skrini inaonyesha. Ndiyo, inauma kiasi. Lakini daktari atadunga pia ule mguu unaodhani uko sawa, na hapo ndipo penye maana: dalili zikitokea sehemu kadhaa za mwili, tatizo si neva moja iliyobanwa shingoni. Kuna watu wamepasuliwa shingo bure kabla ya kujua hilo. Mapendekezo ya Awaji, yaliyochapishwa 2008, yaliipa sindano uzito sawa na macho ya daktari.

Tena kuna ugonjwa mwingine, kinga ya mwili ikishambulia neva. Mkono unalegea vilevile, ila huo una dawa: immunoglobulini ya mshipani. Kuutambua kunategemea kipimo pacha, cha kupitisha umeme kwenye neva, ambacho mara nyingi hufanywa siku hiyohiyo. Sasa ukimwambia mtu atulie, unajua ni upi unaomwacha nao?

Na msiniletee Stephen Hawking. Aliambiwa 1963 akiwa na miaka 21, akaishi hadi 2018, sawa. Wengi huishi miaka 2 hadi 5 tangu dalili zianze. Mwaka mmoja wa kuzungushwa ni mwingi mno.

Wataalamu wa neva nchini ni wachache, na wamejazana Nairobi. Tungepigia hilo kelele, si kumpigia mgonjwa. Yeye akijua mapema, atarekodi sauti yake kabla ulimi haujawa mzito, ataamua mwenyewe kuhusu mashine ya kupumua, atagawa shamba angali anaweza kushika kalamu.