Siku ya Tatu Walimpa Jembe

Tuache kudanganyana. Mama yangu hakwenda Marekani kutembea. Alikwenda kuwa yaya, miezi sita, bila mshahara na bila siku ya kupumzika. Sisi tulimsindikiza hadi uwanja wa ndege wa Kisumu tukipiga picha kama watu waliobarikiwa.

Ilikuwa Novemba 2023. Sista yangu alikuwa amejifungua kule St. Louis, na alitakiwa kurudi kazini. Ni nesi, shifti za usiku. Tiketi ya mama ilikuwa ya miezi mitatu. Miezi mitatu ikawa "mama, ongeza kidogo tu", na kidogo ikawa hadi Mei 2024.

Kwa Dholuo mgeni ni wendo. Anayelea mtoto wa mwenzake nyumbani ni japidi. Ni maneno mawili tofauti na hakuna Mjaluo anayeyachanganya, hadi siku viza inapotoka. Hapo ghafla japidi anaitwa wendo, na mtaa mzima unapongeza.

Uongo wenyewe ulianzia kwenye mahojiano ya viza Nairobi. Wiki nzima tulimfundisha mathe: "Ukiulizwa unaenda kufanya nini, sema unaenda kumwona mjukuu. Usiseme kulea." Viza ya mgeni, ile ya B-2, haimruhusu mtu kuajiriwa, na tuliogopa neno "kulea" lingezua maswali. Ada ilikuwa dola 185, hairudishwi hata ukinyimwa. Akapewa. Tukashangilia. Hakuna aliyeona, mimi nikiwemo, kwamba tumemfundisha mwanamke wa miaka 58 kuificha kazi yake hata kabla hajaianza.

Sasa sikiliza hii. Marekani ina mpango rasmi wa vijana kutoka nje wanaokwenda kuishi na familia na kulea watoto, kwa viza ya J-1. Umri ni miaka 18 hadi 26. Kanuni zinasema kijana huyo asifanye kazi zaidi ya saa 10 kwa siku wala saa 45 kwa wiki, apewe siku moja na nusu ya mapumziko kila wiki, likizo ya wiki mbili yenye malipo, na posho isiyopungua dola 195.75 kwa wiki. Yaani mimi, msee wa miaka ya ishirini niliyeacha chuo mwaka wa tatu, ambaye sijui hata kubadilisha nepi, ningelindwa na karatasi. Mathe aliyelea watoto wanne hakuwa na karatasi yoyote. Alikuwa na upendo tu, na upendo hauna saa ya kutoka kazini.

Nilikuwa nikimpigia saa saba mchana nikiwa Kibuye, kwenye kibanda chake. Kule ni saa kumi alfajiri. Kila mara alikuwa macho. Mtoto begani, taa ya jikoni, sauti ya chini ili asimwamshe shemeji. "Uko sawa, ma?" "Niko sawa. Biashara iko aje?"

Biashara ilikuwa inakufa. Mathe anauza mitumba ya watoto. Anajua kulipapasa robota na kukadiria lina nini ndani, mimi sijui. Niliuza kwa hasara, wateja wake wakahamia kwa jirani. Zamu yake kwenye chama ilipitwa kwa sababu michango ilisimama. Februari dada yake wa pekee akafariki, akazikwa Seme. Wewe unajua kwetu mazishi ni nini. Mathe alimzika dada yake kupitia simu yangu, nimeishika juu ya vichwa vya watu, bando ikikatika kila dakika tano, huku mtoto analia upande wake.

Najua mtakachosema. "Lakini ni mjukuu wake! Dani kulea mjukuu ni mila." Kweli kabisa. Lakini mila ipi? Kwenye dala, dani ana nyumba yake na mlango wake. Mtoto analetwa kwake, na akichoka anamrudisha kwa mwenyewe. Kuna jirani, kuna mashemeji, kuna sokoni. Mila haijawahi kumfungia dani ghorofa ya tatu, kwenye baridi ambayo hana koti lake, mahali asipojua kuendesha gari wala kuongea na jirani, peke yake na kichanga saa kumi na mbili kwa siku. Hiyo si mila. Hiyo ni kazi iliyovalishwa leso.

Na simlaumu sista peke yake. Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 inampa mama aliyejifungua miezi mitatu yenye mshahara kamili. Sheria ya taifa kule kwao, ya 1993, inatoa hadi wiki 12 bila malipo, na si kwa kila mfanyakazi. Kituo cha kulelea kichanga mmoja kinaweza kula zaidi ya dola 1,000 kwa mwezi. Nchi tajiri kiasi hicho imeacha pengo kubwa hapo, na pengo hilo linazibwa na kina mama wa Kondele, wa Lagos, wa Manila. Hata Barack Obama alipoingia ikulu 2009, mama mkwe wake, Marian Robinson, alihama Chicago kwenda kusaidia kulea Malia na Sasha. Lakini hakuna aliyesema Marian amekwenda kutembea. Mgeni alikuwa Mama Sarah wa Kogelo, aliyehudhuria sherehe ya kuapishwa kisha akarudi nyumbani. Wao walijua nani ni nani.

Mwenye lawama kubwa zaidi ni mimi, na wewe unayesoma ukiwa na sista au bro majuu. Tulinyamaza kwa sababu ya pesa. Sista ndiye aliyenilipia karo hadi nilipoacha. Ndiye aliyeweka mabati mapya. Nani angemwambia mrejeshe mama? Tulimlipa sista fadhila zake kwa kumtoa mathe, na mathe hakuulizwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sawa, mpeni. Lakini aliyeshika jembe si mgeni tena, na jembe lina masharti. Tarehe ya kurudi iheshimiwe. Kama sheria hairuhusu kumlipa kule, basi kodi ya kibanda na mchango wa chama vilipwe huku, kila mwezi, kabla hajapanda ndege. Awe na bima ya matibabu. Awe na siku moja kwa wiki ambayo mtoto si wake. Na akifiwa, arudi azike.

Aliporudi, watu walijaa nyumbani kuuliza Marekani iko aje. Alifikiri kidogo, akasema, "Kuna kapeti kila mahali." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilielewa alikuwa ametaja kitu alichokiona zaidi: sakafu, akitafuta chuchu ya chupa.

Juzi sista amepiga. Wa pili yuko njiani. Mathe alikata simu akaenda moja kwa moja kwenye sanduku kutoa pasipoti, halafu akakaa nayo mkononi bila kusema kitu. Nikamwambia hii mara ya pili tutaongea kwanza, familia yote, na hela za kibanda zitajwe wazi, hata kama sista atanuna.

"Mwambie miezi mitatu," akasema. "Na mwambie huko kuna mto mkubwa, Mississippi, unapita hapo hapo mjini. Nilikaa miezi sita sikuuona. Mimi ni mtu wa ziwa. Nataka anipeleke niuone."

Hilo ndilo sharti la kwanza. Nimeshaliandika.