Mkimbizi Katika Nchi Yake?

Wahenga walinena kuwa mkataa kwao ni mtumwa. Je, na yule aliyefukuzwa kwao tumwiteje?

Mwaka 2024, mafuriko yalipoikumba Nairobi na nyumba nyingi za kando ya mito zikabomolewa, tulipata mwanafunzi mgeni katika kidato cha kwanza. Hakumaliza wiki kabla ya kubandikwa jina: "Mkimbizi". Darasa zima lilicheka. Mimi pia nilicheka, sikatai. Yeye hakucheka.

Wasomaji wapendwa, hebu tulipime neno hili. Mkimbizi limetokana na kitenzi kimbia. Kwa mujibu wa Mkataba wa mwaka 1951, mkimbizi ni mtu aliyeko nje ya nchi yake kwa kuogopa kuteswa akirudi. Waliovuka mpaka kutoka Somalia na Sudan mapema miaka ya 1990, wakapokelewa Dadaab na Kakuma, hao walikuwa wakimbizi kweli.

Lakini baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakapoteza makao. Redio na magazeti yakawaita "wakimbizi wa ndani", na mitaani wakaitwa "ma-IDP". Mtu ana kitambulisho cha Kenya, anapiga kura Kenya, halafu ati ni mkimbizi! Mkimbizi ni mgeni, na mgeni hushukuru kwa anachopewa. Mwananchi hudai haki yake. Ndiyo maana Bunge lilitunga sheria ya kuwalinda watu hawa mwaka 2012, nayo inawataja hata wanaohamishwa na majanga ya asili na miradi mikubwa ya maendeleo.

Neno "wahamiaji" nalo halifai, kwani mhamiaji huweza kufunga virago kwa hiari yake.

Kwangu mimi, tuseme "waliofurushwa makwao". Mwalimu wetu wa sarufi hutukumbusha kuwa kauli ya kutendwa ina mtenda. Ukisema fulani alikimbia, umemtaja yeye tu, kana kwamba kosa ni la miguu yake. Ukisema alifurushwa, lazima mtu aulize: na nani? Na maji? Na jirani mwenye panga? Na tingatinga? Hapo ndipo haki huanzia.

Kuna watakaosema kuwa neno mkimbizi limeshazoeleka, na kwamba jina halijengi nyumba. Ni kweli, halijengi. Lakini jina baya laweza kumfanya mtu aone haya kuidai nyumba yake.

Nikikunja jamvi, naomba chama chetu cha Kiswahili kianze na sisi wenyewe hapa shuleni. Yule mwenzetu sasa ni dawati mwenzangu katika kidato cha tatu, na bado kuna wanaomwita kwa jina lile. Ana jina alilopewa na wazazi wake. Tumwite hilo. Nami kwa kicheko changu cha siku ile, namwomba radhi.