Michezo na Jamaa: Dakika 30 bila mshindi



Kila mara picha za kachi zinapoonyeshwa, mabishano yanaanza ndani ya nyumba. Watoto wanashangilia na kupiga makelele. Mkubwa mmoja anatikisa kichwa: "Achana na bale batu, beko banadanganya tu. Ile yote ni bongo." Kijana anajibu: "Eh papa, ona vile alimuangusha chini! Ile nayo ni bongo?" Kila mtu anashikamana na neno lake, na mwisho chakula kinapoa.

Mwezi huu tunapenda kuwasaidia wote wawili, mkubwa na kijana. Tutazungumza juu ya pigano moja la kule Japani, la tarehe 27 Juni 1998, kati ya Kiyoshi Tamura na Tsuyoshi Kohsaka. Lilidumu dakika 30 na hakuna aliyeshinda. Wapenzi wengi wa mchezo huu wanalihesabu kati ya mapigano mazuri sana ya namna yake. Tena wanalihesabu kati ya yale ambayo wapiganaji walipatana mbele ya kupanda ulingoni. Basi swali ni hili: kama walipatana, kuko nini cha kuangalia?

MWANZO WAKE NI KWA WACHIMBAJI

Sisi watu wa migodi tusikilize vizuri, kwa sababu habari hii inaanzia kwa watu wa kazi kama yetu. Huko Uingereza, upande wa Lancashire, wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa na mieleka yao. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu, maana yake "shika kama unavyoweza kushika". Mguu ao mkono, kwa kusimama ao chini, yote ilikuwa sawa. Watu wa lugha ya Kifaransa walilikata jina lile, wakabaki na neno moja tu, na ndilo tunalolisema na sisi mpaka leo: kachi.

Katika Wigan, mji wa makaa, mwalimu Billy Riley alikuwa na nyumba ya mazoezi iliyopewa jina la Shimo la Nyoka. Katika miaka ya 1950 alifika pale Mbelgiji mmoja, Karel Istaz, aliyekuwa ameiwakilisha nchi yake katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1948. Pale alijifunza namna ya kukamata kiungo cha mtu na kukipinda polepole, mpaka mwenyewe anakubali kwamba ameshindwa. Baadaye akajiita Karl Gotch, akaenda Japani, akawafundisha vijana wa huko. Ni vile mayele ya wachimbaji wa makaa yalivuka bahari.

NAMNA MPYA

Kachi ya kawaida tunaijua: mtu anakimbia mpaka kwenye kamba anarudi, anapanda juu ya nguzo anaruka, adui anamngojea kwa uvumilivu wote. Kwetu Kongo tunaongeza hata ngoma na dawa za fetishi. Mwaka 1984 Wajapani fulani, sawa vile Akira Maeda, Yoshiaki Fujiwara, Satoru Sayama na Nobuhiko Takada, walikutana katika kikundi cha UWF. Walitaka kachi yenye kufanana na pigano la kweli. Kikundi kilianguka, kikarudi mwaka 1988, kikagawanyika tena mwisho wa 1990. Katika 1991 Maeda alianzisha kundi lake, RINGS, na ni mule Tamura na Kohsaka walikutana.

Sheria zake ni rahisi kufahamu. Hakuna kuruka toka juu ya nguzo. Hakuna kumlalia mtu mpaka mwamuzi ahesabu tatu. Kwa uso unapiga kwa kiganja wazi, si kwa ngumi. Mateke yanaruhusiwa. Unashinda kama adui ameanguka na hasimami mpaka hesabu ya kumi, ao kama anapiga-piga kwa mkono kusema "imetosha". Ukikamatwa vibaya unaweza kushika kamba, na mwamuzi atawaachanisha. Lakini inaandikwa juu yako sawa vile deni dukani.

PAPA HAKUSEMA BURE

Sasa tumpe mkubwa wetu haki yake. Katika mapigano ya namna hii, mengi yalikuwa ya kupatana, lakini watu waliuziwa tiketi kama kwa pigano la kweli. Takada aliinuliwa hivyo na kundi lake la UWFi mpaka wapenzi wengi wakamwona kuwa mwenye nguvu kuliko wote. Halafu tarehe 11 Oktoba 1997, katika Tokyo Dome, alipigana na Mbrazili Rickson Gracie, na safari hii hapakuwa na mapatano. Haikufika hata dakika tano. Mkono wake ulinyooshwa, akakubali kushindwa. Waliokuwa wamemwamini kwa miaka mingi walirudi nyumbani na huzuni. Ukimwambia mtu kwamba kitu ni dhahabu, ujue kuna siku ataipeleka kwa mwenye mizani.

Kwa hiyo mwaka 1998 macho ya wengi yalikuwa yamefunguka. Namna hii ya kachi haikuweza tena kujisifu kwamba ndiyo pigano la kweli kuliko yote. Ilipaswa kuonyesha kitu kingine. Na miezi minane tu kisha Takada kushindwa, Tamura na Kohsaka wakapanda ulingoni.

DAKIKA 30

Tamura ni mtu wa mbio, mwepesi kuliko mwenzake. Alianza katika UWF mwaka 1989, akiwa kijana wa miaka 19. Kohsaka ni mtu wa judo, mzito zaidi, mwenye kutulia. Na asidhani mtu kwamba walikuwa waigizaji tu. Machi 1998 Kohsaka alikuwa amepigana kweli huko Marekani, akamshinda Kimo Leopoldo. Tamura naye, Februari 2000, alimshinda Renzo Gracie, mtu wa ile jamaa ya akina Gracie, kwa uamuzi wa waamuzi.

Ndiyo sababu pigano lao lina uzito. Sehemu kubwa wako chini, kwenye turubai. Mmoja anashika mguu. Mwenzake hamngojei, anazunguka pamoja nao, anautoa, na katika kuzunguka kulekule amekwisha kuona mkono wa kukamata. Yule anaunganisha vidole vyake ili mkono usinyooshwe, anainua kiuno, anageuka, sasa ndiye aliye juu. Mambo yale yanaweza kupita mbele ya mtu asiyeangalia vizuri, akasema: "Beko banalala tu." Hapana, hawalali. Kila mmoja anaachilia kitu kidogo ili apate kikubwa, na mwenzake amekwisha kuona.

Kisha muda unaanza kufanya kazi yake. Wanapumua kwa nguvu, mikono inakuwa mizito. Hapo mapatano hayasaidii: wanaweza kupatana juu ya mwisho, lakini hawawezi kupatana na mapafu yao wasichoke. Kengele inalia, dakika 30 zimetimia, hakuna aliyekubali kushindwa.

MKONO WANGU NI KWAKO

Kuko jambo lingine ambalo jicho halilioni upesi. Mtu akikukamata kisigino na kukisokota, goti lako linaweza kuharibika mbele hujasikia uchumi mwingi. Kwa hiyo, katika kazi hii, kila mmoja anampa mwenzake mguu wake, mkono wake, shingo yake, na anatumaini kwamba atarudishiwa vizima. Na mwenzake anapaswa kukaza kweli, ili watu waone kitu, lakini asipite mpaka.

Mpaka ule ukivukwa, matokeo yake ni mabaya. Tarehe 19 Novemba 1987, Riki Choshu alikuwa amemshika mtu mwingine kwa mikono yote miwili, na Maeda akaja kwa nyuma akampiga teke la uso. Mfupa wa karibu na jicho ulivunjika. Choshu hakuweza kujikinga, kwa sababu alikuwa katika kazi na alitumaini wenzake. Maeda alisimamishwa, kisha akafukuzwa. Wengine walimsifu siku ile kwamba alionyesha "ukweli". Sisi tunauliza: ni ukweli gani huo, kumpiga mtu aliyekuachia uso wake? Mtu wa chini ya ardhi anajua jambo hili bila kufundishwa na Wajapani. Anaingia kila siku mahali ambapo uzima wake uko mikononi mwa yule anayeshika kamba ao mashini.

Tamura na Kohsaka walikwenda mbio kwa dakika 30, viungo vyao vikipita mkononi kwa mmoja na kwa mwingine mara nyingi. Kwetu, uzuri wa pigano uko pale. Mwisho unaweza kupangwa, lakini ule ufundi na yale matumaini hayaigizwi.

UKIPATA KULIANGALIA

Kijana, kama utapata picha za pigano hili kwa simu ao kwa kaseti ya zamani, fanya hivi. Usiangalie nyuso, angalia viuno, kwa sababu mwenye kiuno kizuri ndiye mwenye nafasi. Angalia umbali wao na kamba, kwa sababu aliye mbali na kamba hana mahali pa kukimbilia. Angalia tena dakika kumi za mwisho, uone nani anafanya kazi akiwa amechoka.

Na wewe papa, kaa karibu naye. Mwambie yale unayoyajua juu ya udanganyifu, ni ya kweli. Lakini umwache na yeye akuonyeshe yale anayoyaona.

Neno moja kwa wadogo: mambo ya kusokota kisigino na kukaba shingo hayafanywi kitandani na ndugu yako. Wale walijifunza miaka mingi mbele ya mwalimu. Goti likivunjika, mama ndiye atakayekesha hospitalini.

Tutaonana mwezi ujao.