Meli na Eropleni Zilizopotea: Je, ni Majini au ni Bahari?



Leo tuzungumze habari ya bahari iliyo mbali na kwetu, lakini sifa yake mbaya imefika hata vijijini. Ni ile sehemu ya Bahari ya Atlantiki iitwayo Pembetatu ya Bermuda. Chukua ramani, piga mstari kutoka Florida, Marekani, mpaka kisiwa cha Bermuda, kisha shuka mpaka Puerto Rico, kisha rudi Florida. Humo, yasemwa, meli na eropleni hutoweka bila kuacha hata ubao mmoja. Wengine husema ni kazi ya majini. Wengine husema Shetani ana mlango wake chini ya maji. Wengine tena husema ni watu kutoka nyota nyingine. Lakini jina lenyewe si la kale. Lilianza kutumiwa na mwandishi Mmarekani, Vincent Gaddis, katika gazeti moja mwaka 1964.

Wahenga walisema, lisemwalo lipo. Naam, lipo, lakini hawakusema kwamba lipo vile vile kama linavyosemwa. Basi tufanye kama wazee wa baraza: tusikilize kwanza mshitaki, halafu tuwaite mashahidi.

Kisa kinachosimuliwa kuliko vyote ni hiki. Tarehe 5 Desemba 1945, saa nane na dakika kumi mchana, eropleni tano za vita aina ya Avenger ziliruka kutoka Fort Lauderdale, Florida, kwenda kufanya mazoezi juu ya bahari. Zilichukua wanahewa 14. Wasimulizi husema hali ya hewa ilikuwa nzuri, bahari shwari, marubani wote hodari. Ghafla dira zikaharibika, na kiongozi akasikika akisema kwamba maji yamekuwa meupe, asifuatwe na mtu. Kisha kimya. Eropleni kubwa yenye watu 13 ikatumwa kuwatafuta, nayo isirudi. Ukisikia hivyo, nywele husimama.

Sasa tuwaite mashahidi, maana jeshi la majini la Marekani lilifanya uchunguzi na kuandika kila neno lililosikika katika redio.

Kwanza, marubani wanne kati ya watano walikuwa bado katika mafunzo. Mwalimu alikuwa mmoja tu, Luteni Charles Taylor. Huyo alisema dira zake zimeharibika, akatazama chini akaona visiwa vidogo, akadhani ni vile vya Keys vilivyo kusini ya Florida. Lakini kwa dalili zote vilikuwa visiwa vya Bahamas, upande wa mashariki. Angalia jinsi kosa dogo linavyozaa kubwa! Mtu aliye Keys hurudi nyumbani kwa kwenda kaskazini na mashariki. Mtu aliye Bahamas akifanya hivyo, huzidi kuingia baharini. Wale vijana walisikika wakisema kwamba kama wangeelekea magharibi tu wangefika nyumbani. Wakageuza njia huku na huku mpaka jua likatua.

Pili, bahari haikuwa shwari. Kadiri jioni ilivyoingia upepo uliongezeka na mawimbi yakainuka. Mafuta yalitazamiwa kwisha kama saa mbili usiku. Avenger ina uzito wa zaidi ya tani nne hata ikiwa tupu. Ikianguka usiku katika mawimbi, huzama upesi sana.

Tatu, yale maneno ya maji meupe hayamo kabisa katika kumbukumbu za redio. Yaliongezwa na wasimulizi.

Na ile eropleni ya pili? Iliruka saa moja na nusu hivi usiku. Baada ya dakika ishirini na kitu, mabaharia wa meli ya mafuta iitwayo Gaines Mills waliona moto mkubwa, kisha wakapita mahali penye mafuta juu ya maji. Eropleni za aina ile zilijulikana kwa kuvuja mvuke wa mafuta ndani yake. Cheche moja yatosha. Hapo pana msiba, lakini fumbo liko wapi?

Baraza la uchunguzi lilimtia Taylor hatiani. Mama yake alikataa. Alisema mwanawe hawezi kuhukumiwa na hakuna eropleni wala maiti iliyoonekana. Baadaye hukumu ikabadilishwa, ikaandikwa kwamba sababu haijulikani. Maneno hayo yalikuwa faraja kwa mama, lakini watunga hadithi waliyadaka kama kwamba serikali imekiri muujiza. Mimi ni karani wa parokia, nayajua maneno ya daftari. Karani akiandika "sababu haijulikani," maana yake ni kwamba hakuna shahidi. Hasemi kwamba marehemu alichukuliwa na jini.

Tena, mwaka 1991 watafutaji walikuta Avenger tano chini ya bahari, karibu na Fort Lauderdale. Watu wakadhani fumbo limefumbuliwa. Kumbe namba zake zilionyesha kwamba ni nyingine, zilizoanguka katika mazoezi siku mbalimbali. Katika miaka ile ya vita, vijana wengi waliokuwa wakijifunza kuruka walianguka pale pale, wala hakuna anayesimulia habari zao.

Tugeukie meli. Machi 1918 meli ya jeshi la majini, Cyclops, iliondoka Barbados kwenda Baltimore na watu 306, isionekane tena. Wasimulizi hutaja hesabu ya watu, lakini husahau kutaja shehena. Meli ile iliundwa kuchukua makaa ya mawe. Safari ile ilijazwa zaidi ya tani 10,000 za mawe ya manganizi kutoka Brazili, mzigo mzito kuliko makaa. Tena mashine yake moja kati ya mbili ilikuwa imeharibika. Mwaka 1941 meli mbili zilizoundwa kwa namna ile ile, Proteus na Nereus, zilipotea nazo katika Atlantiki, zote mbili zimepakia mawe mazito ya madini. Kweli, zama zile zilikuwa za vita. Lakini dada watatu wakiugua ugonjwa mmoja, mganga mwenye busara huuliza kwanza habari ya nyumba yao.

Na bahari yenyewe ina nguvu za kutosha, haihitaji msaada wa majini. Karibu na Florida hupita mkondo mkubwa uitwao Gulf Stream, wenye mwendo wa kilomita 6 hivi kwa saa. Chombo kikiharibika asubuhi, jioni mabaki yake yako mbali na mahali yanapotafutwa. Upepo wa kaskazini ukipigana na mkondo huo, mawimbi husimama kama kuta. Vimbunga hupita huko karibu kila mwaka. Na kaskazini ya Puerto Rico kina cha bahari hupita meta 8,000. Kitakachozama humo nani atakiona?

Wako wanaosema kwamba gesi hububujika kutoka chini ya bahari na kuzamisha meli. Wataalamu wa miamba wa serikali ya Marekani walisema hakuna dalili kwamba gesi nyingi namna hiyo imetoka pale katika miaka 15,000 iliyopita. Basi si kila maelezo yenye sura ya elimu ni ya kweli. Nayo lazima yapimwe.

Aliyepima kwa bidii ni mkutubi mmoja wa Arizona, Lawrence Kusche, aliyetoa kitabu mwaka 1975. Alifukua magazeti ya zamani na taarifa za hali ya hewa, kisa kwa kisa. Akakuta meli zilizosemwa kupotea katika bahari shwari zilipotea katika tufani. Nyingine zilipotea mbali kabisa na Bermuda, na nyingine hakupata ushahidi kwamba zilipata kuwako. Walinzi wa pwani wa Marekani nao husema bahari ile haina hatari kuliko nyingine zipitwazo na vyombo vingi.

Hata Bahari yetu ya Hindi ina kisa chake. Tarehe 26 Julai 1909 meli mpya, Waratah, iliondoka Durban kwenda Cape Town na watu 211. Mpaka leo haijaonekana. Abiria mmoja, Claude Sawyer, alikuwa ameshuka Durban kwa sababu aliota ndoto ya mtu mwenye upanga. Watu hukumbuka ndoto tu. Lakini katika uchunguzi wa London Sawyer alieleza pia kwamba meli ikilala upande ilikawia mno kuinuka. Yaani macho yake yalikuwa yameona hatari wakati wa mchana, kabla ya usingizi kumwonyesha upanga. Wachunguzi waliamua kwamba Waratah ilipinduliwa na tufani kali. Na pwani ile ina mkondo wa Agulhas uendao kusini na magharibi. Upepo ukitoka kusini na magharibi kuupinga, huzuka mawimbi makubwa mno. Zamani mabaharia waliosimulia mawimbi ya namna hiyo waliitwa waongo, mpaka tarehe 1 Januari 1995, chombo cha kupimia kilipopima wimbi moja la meta 25 na zaidi katika Bahari ya Kaskazini, karibu na Norwei.

Pengine msomaji atauliza, "Yanatuhusu nini haya?" Yanatuhusu sana sisi wenye ndugu wavuvi na mabaharia, na sisi tupandao vyombo baharini na ziwani. Tukisema jini limemchukua, basi shauri limekwisha. Hakuna wa kuulizwa kwa nini mzigo ulizidi, kwa nini mashine mbovu ilisafirishwa, kwa nini nahodha hakungoja upepo utulie. Juma lijalo chombo kingine kitaondoka vile vile. Jini haliwezi kutengenezwa, lakini mashine yaweza kutengenezwa, na mzigo waweza kupunguzwa.

Basi ukisikia kwamba chombo kimetoweka kwa ajabu, uliza maneno manne kabla hujaipeleka habari kwa jirani: Hali ya hewa ilikuwaje? Kilipakia nini? Kilikuwa kizima? Nani aliyeona? Na kama wewe mwenyewe wataka kupanda chombo, uliza yale matatu ya kwanza ungali umesimama gatini.