Mikono ya kusuka ipo, ya kusonga imekwenda wapi?

Katika nyumba zetu, mtu akipatwa na ugonjwa usiokwisha, cha kwanza kuondolewa ni kile anachokipenda. Mama akilalamika viungo, husikii mtu akimwambia, "Leo usifue." Utasikia: "Hebu iache hiyo mikeka, unajichosha bure." Ndoo ya maji inabaki yake, sufuria inabaki yake, mashuka ya nyumba nzima yanamsubiri pale pale. Kinachokatwa ni kile kisicho na faida kwa mwingine yeyote humo ndani. Mimi naona hesabu hiyo ni ya kinyume kabisa, na nasema hivyo kwa kuwa nimeshapigiwa.

Mimi ni karani wa hesabu hapa Dar es Salaam, mzaliwa wa Wete, Pemba. Tulipokuwa wadogo, mabinti wa kwetu tulishikishwa ukili mapema, na wengi wetu tuliuchukia. Mimi nikaupenda. Nimesoma, nimeajiriwa, nimeolewa bara, ukili sijauacha. Siuzi. Ukindu naletewa na ndugu wanaokuja kwa meli, nautia rangi mwenyewe kwenye sufuria kuukuu ambayo haipikiwi kitu kingine, nauanika, kisha jioni nikitoka kazini nalowesha chane zangu kidogo zilainike na kuanza. Ukili ukikaa sawa, unasikia kwenye kidole gumba kabla jicho halijaona. Asiyesuka sijui nimweleze vipi raha ya hapo.

Maumivu yalianza mabegani. Yakashuka mgongoni, nyonga, magoti, hadi nikawa siwezi kusema naumwa wapi. Nikilala naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Ofisini nikaanza kusahau jina la mtu tunayekaa naye chumba kimoja. Nikijumlisha safu ya tarakimu nakwama katikati na kurudi juu.

Njia niliyopita wagonjwa wengi wenzangu wanaijua. Malaria, hakuna. Taifodi, nikapewa dozi. Nikaambiwa gauti, nikaacha nyama nyekundu na maharage, na mwili haukujali. Duka la dawa la mtaani likanizoea: nikitokea tu, muuzaji ameshashika diklofenaki, mpaka tumbo nalo likaanza kuwaka moto. Shangazi yangu, kwa nia njema, akanipeleka kwa mwalimu nikaandikiwa kombe. Nikalinywa. Katika yote niliyokunywa kipindi kile, ndilo peke yake ambalo halikuniunguza tumbo.

Daktari aliyeupatia ugonjwa hakutumia mashine yoyote. Alinipa karatasi yenye mchoro wa mwili wa mtu, mbele na nyuma, akasema nitie alama kila mahali palipouma wiki ile. Nilipomrudishia, mchoro ulikuwa umejaa wino. Akauliza nalalaje, naamkaje, nasahau nini, tangu lini. Damu aliituma ipimwe tezi ya shingo, baridi yabisi na mengine, ili kuhakikisha kwamba hayo siyo yanayonisumbua, maana ugonjwa aliokuwa akiushuku hauna kipimo cha damu. Majibu yakarudi safi. Kwa mara ya kwanza majibu safi hayakuwa na maana kwamba nijiondokee. "Hii ni fibromaialjia," akasema, akavuta kiti karibu.

Vigezo vyake vimetoka kwa chama cha madaktari wa magonjwa ya viungo cha Marekani. Mwaka 1990 waliamua daktari abonyeze sehemu 18 za mwili, na mgonjwa aumwe zisizopungua 11. Mwaka 2010 wakaja na utaratibu usiohitaji kubonyeza: huhesabiwa maeneo 19 ya mwili, kisha uchovu, usingizi na usahaulifu navyo hupewa alama, na hali hiyo iwe imedumu angalau miezi mitatu. Yaani mgonjwa anaulizwa na anasikilizwa. Ndiyo maana ugonjwa huu unapotea katika kliniki ambako foleni imefika getini na kila mtu ana dakika zake chache.

Misuli yangu haijaoza na mifupa yangu haijalika. Kilichoharibika ni namna ubongo na uti wa mgongo vinavyopokea taarifa: ni mlinzi anayepuliza filimbi hata paka akipita. Filimbi ni ya kweli, na anayeisikia haigizi. Usingizi nao umo. Mwaka 1975 huko Toronto, Harvey Moldofsky na wenzake walichukua watu wenye afya wakawa wanawavuruga kila walipozama katika usingizi mzito. Watu wale wakaanza kuamka na maumivu ya misuli na uchovu unaofanana na wa wagonjwa. Nilipoelezwa hilo nilifikiria usiku wangu: anayeamka kumfungulia geti aliyechelewa ni mimi, na anayeamka alfajiri maji yanapotoka ili kujaza mapipa ni mimi.

Nilirudi nyumbani na jina la ugonjwa, na amitriptilini kidogo ya kunywa usiku. Mume wangu ni mtu mwema, hilo naliandika hapa gazetini bila kulazimishwa. Alisikiliza maelezo yote, akainuka, akachukua furushi langu la ukindu akaliweka juu ya kabati. "Mama watoto, umepewa pumziko," akasema. Jioni ile ile nikasonga ugali.

Ndipo likaja shauri la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza. Furushi nililishusha. Mavyaa alikuja kututembelea akanikuta na ukili mapajani, akakaa kimya mpaka chakula kilipochelewa. "Mwanangu," akasema, "mikono ya kusuka ipo, ya kusonga imekwenda wapi?"

Mgonjwa wa namna hii anabanwa pande zote mbili. Asuke, aambiwe anajiumiza. Asuke, aambiwe haumwi. Maneno hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, lakini yanatoka kinywa kimoja, wakati mwingine kwa siku moja.

Mavyaa anastahili jibu, na jibu lipo jikoni. Kusonga ugali wa watu wengi ni kazi ya mabega, umesimama, umeinama juu ya moto, na huwezi kuacha katikati. Ukiacha katikati una uji wenye madonge. Ukili nauacha popote. Nikihisi bega linaanza kuita, naukunja, naufunga kwa chane moja, naweka kando. Kesho au wiki ijayo naukuta vile vile. Hakuna mtu aliyelala njaa. Kazi ambayo mgonjwa anaruhusiwa kuikatiza ni kazi nyingine kabisa na ile isiyokatizwa, hata kama zote mbili zinatumia mikono.

Sisuki tena kama nilivyofundishwa. Kwetu unakaa chini, miguu umeinyoosha mbele, na watoto walioegemea ukuta walikuwa wakichekwa. Mimi sasa nakaa kwenye kiti chenye mto nyuma ya kiuno. Maji ya kulowesha yawe ya uvuguvugu, maana ya baridi yanavifanya vidole vigome. Simu naiwekea kengele ya dakika 20. Ikilia naachia, hata kama rangi imebaki kidogo tu ikamilike. Ukili mpana wenye chane nyingi nimeuweka pembeni, nasuka mwembamba. Na kushona, yaani kuunganisha ukili hadi uwe mkeka, siwezi tena, kwa kuwa sindano ile inataka kuvutwa kwa nguvu safu baada ya safu. Nampa mama mmoja wa mtaa wa jirani na namlipa. Mara ya kwanza niliona kama nimetoa mtoto alelewe kwingine. Anashona vizuri kuliko mimi, na hilo nalo lilichukua muda kulimeza.

Siku ya hatari ni ile unayoamka mzima. Unataka kufidia siku zote zilizopotea, unasuka mpaka Isha, na kesho yake mkono haufiki kichwani kufunga mtandio. Kengele ya simu ina kazi zaidi siku njema kuliko siku mbaya.

Ukili hauponyi, na atakayewaambia kuna kitu kinaponya fibromaialjia anataka pesa zenu. Lakini tazameni wataalamu wanasema nini. Mwaka 2017 shirikisho la Ulaya la madaktari wa viungo lilipitia tiba zote, vidonge kwa visivyo vidonge, na iliyopendekezwa kwa nguvu ilikuwa moja tu: mazoezi. Mwaka 2021 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, NICE, ikawaambia madaktari wasiwaanzishie wagonjwa wa maumivu sugu ya aina hii parasetamoli, wala dawa za jamii ya diklofenaki, wala zile za jamii ya mofini. Kumbe kile nilichokuwa nikiuziwa dukani kama karanga ndicho kinachokatazwa.

Sasa mwambie mtu anayeumwa mwili mzima afanye mazoezi. Daktari aliponiambia nitembee, nilifika kona ya duka nikarudi, na siku iliyofuata sikuona sababu ya kwenda tena. Kilichonitoa nyumbani ni rafiki yangu wa Chake Chake anayekaa mtaa wa pili, naye msukaji. Natia ukili kwenye mkoba, naenda kwake kwa miguu, tunasuka na kusemana, narudi kabla ya Magharibi. Ningekatazwa ukili, na kutembea kungekufa siku hiyo hiyo. Hilo ndilo familia nyingi hazilioni: kile kinachoitwa mchezo ndicho kinachovuta vingine nyuma yake, kutembea, kuongea na watu, hata usingizi.

Kuna atakayesema nguvu za mgonjwa ni chache, na dakika anayoitoa kwa mkeka ameitoa kwenye kitu kingine. Ni kweli. Nguvu zangu nazijua zinakoishia, na nikisuka jioni kuna jambo halitafanyika. Swali ni jambo lipi, na kwa nini hadi leo jibu limekuwa kwamba kila kitu kibaki isipokuwa langu. Nyumba kukosa dada wa kazi si kukosa watu. Mimi nina vijana wawili wenye mabega mapana, wanaobeba vyuma mazoezini na kujipiga picha, na ndoo ya maji hawajawahi kuiona. Katika nyumba za wenzangu nimeona hali ni hiyo hiyo.

Kwa hiyo ninachotaka ni kwamba siku ugonjwa unapotajwa, familia ikae na kuanza na mashuka, mapipa, geti la usiku na ugali, igawane hivyo kwanza, kabla mtu hajagusa kile mgonjwa anachokipenda. Na madaktari, ambao nyumba zetu huwasikiliza kuliko zinavyotusikiliza sisi, waulize swali moja zaidi pale kliniki: unapenda kufanya nini, na unakifanya umekaaje? Wa kwangu aliuliza, niliporudi safari iliyofuata. Nikamwonyesha kwa mikono. Akasema nisiache, nibadilishe tu namna ya kukaa, akaliandika hilo kwenye cheti pamoja na dawa. Nilikipeleka cheti nyumbani kikasomwa kwa sauti, na mavyaa yupo.

Mkubwa sasa ndiye anayesonga. Una madonge. Tunaula.